Hotuba ya Shefu Siku ya Kumwondoa Bijou kwenye Msala wa Mzee Bulaimu

(Shefu anasimama juu ya kinu kilichopinduliwa. Aliomba kipaza sauti, akapewa mwiko wa ugali. Anaupiga mara mbili kwa kidole kuhakikisha unafanya kazi.)

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wakubwa wa ofisi ya Komine, ambaye hayupo lakini kiti chake kipo na hakuna anayeruhusiwa kukikalia. Mheshimiwa Daktari wa Mifugo, aliyetutumia salamu kwa simu iliyokatika kabla hajalifikia jina langu. Bwana Katibu Édouard, mshika kalamu wa Komite. Mzee wetu Bulaimu, mlalamikaji na mwenye nyumba. Mama Falone, mjukuu wake, mwenye mtoto mgongoni na mbwa miguuni. Mama Bernadette wa mandazi, jirani wa upande wa kushoto. Bwana Mike, mwendesha pikipiki, jirani wa upande wa kulia na mshirika wetu katika sekta ya usafirishaji. Wenye vyeti na wasio na vyeti, wenye viti na wenye kusimama, vijana wa leo na vijana wa zamani wa Avenyu Kisima. Na wewe mwenyewe Bijou, mbwa wa kike mwenye umri wa miaka kumi na tatu, mlengwa mkuu wa shughuli hii: itifaki yote imezingatiwa, na kama kuna niliyemsahau, ajihesabu kuwa ametajwa.

(Makofi ya Édouard peke yake. Mbwa anapiga miayo.)

Mimi, Arsène Kalume, Shefu wa Avenyu Kisima, Rais wa Komite ya Usafi, Mwasisi, Mratibu na Msemaji wa Mpango Shirikishi wa Kupambana na Haja za Ndani kwa Mbwa Wazee, ambao kwa kifupi tunauita MPAHAMBWA, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao watu wengi wamenisifia, hapa Kindu, mji ambao mto Lualaba unaupita katikati bila kuomba ruhusa ya ofisi yangu, ili kuwatangazia kwamba leo, Ijumaa, kabla ya adhuhuri, tatizo la mkojo katika nyumba hii litakuwa limefikia ukomo wake kitaalamu, kisheria na kimazingira.

(Mama Bernadette anauliza kama maneno yatakuwa mengi, maana ameacha mafuta jikoni. Anaambiwa yatakuwa ya kutosha.)

Ndugu wananchi, suala la haja za ndani kwa mbwa mzee si suala la mkojo tu, kama wanavyodhani wasiosoma. Ni suala mtambuka, lenye pande nyingi, na pande zote, kwa mujibu wa uchunguzi wetu, zinanuka. Kwa miaka kumi na zaidi mbwa huyu aliijua njia ya kwenda nyuma ya jiko kama mimi ninavyoijua njia ya kwenda ofisini, yaani bila kuharakisha lakini bila kukosea, na hakuna mtu aliyewahi kuleta malalamiko. Lakini tangu siku kumi na tisa zilizopita ameanza kuingia sebuleni, anapita meza, anapita redio, anakwenda moja kwa moja nyuma ya mlango, mahali ambapo Mzee Bulaimu anatandika msala wake tangu paa lilipoanza kuvuja upande wa pili, na pale pale, juu ya mkeka wa mtu anayeswali mara tano kwa siku, anachuchumaa, anamaliza, na anatoka akitikisa mkia kama mtumishi aliyemaliza kazi aliyotumwa.

Na mnafahamu, Waislamu kwa Wakristo, kwamba nyumba ya Mzee Bulaimu si nyumba ya mbwa kulala ndani. Mbwa wa kulinda anakaa uani, na mkojo wake ukigusa kitu cha ibada, kinaoshwa mara saba, na moja kati ya hizo kwa udongo. Mara saba, ndugu zangu, zidisheni kwa matukio thelathini na moja yaliyoandikwa na Komite yangu, mnapata mara mia mbili na kumi na saba za kuosha, takwimu ambayo haijawahi kufikiwa na avenyu nyingine yoyote ya mji huu.

("Na nani alikuwa anaosha?" anauliza Mama Bernadette. Watu wanageuka kumtazama Mama Falone, ambaye anamrekebisha mtoto mgongoni na kuangalia mikono yake. Shefu anasema maswali yatapokelewa mwishoni.)

Kwa hiyo Mzee alikuja ofisini kwangu, nina maana kwenye benchi mbele ya nyumba yangu, akasema kwa upole kwamba yeye hana chuki na mnyama, ila hawezi kumwambia Mungu asubiri mkeka ukauke, na akaomba mbwa aondoke nyumbani kwake kabla ya swala ya Ijumaa hii. Nyuma yake alikuja Mama Falone, akiwa na macho ya mtu ambaye hajalala tangu mtoto azaliwe, akasema mbwa hafanyi vile kwa kiburi, kuna sababu, apewe siku chache aitafute. Nikamjibu kwa heshima kwamba kutafuta sababu ni kazi ya Komite, na kwamba Komite haijawahi kutafuta kitu bila kukipata, isipokuwa funguo za ofisi.

(Kicheko. Shefu anadhani ni makofi, anainamisha kichwa.)

Ndipo ulipozaliwa MPAHAMBWA, mpango wenye faze nne, yaani hatua nne, kila faze ikiwa na malengo, viashiria, na chai.

Katika faze ya kwanza, iliyoitwa Uhamasishaji wa Mlengwa, Komite ilikutana na mbwa uso kwa uso, Katibu akamshika kisogoni, akamwinamisha hadi pua yake ikagusa pale alipokosea, huku mimi nikimsomea makosa yake kwa sauti ya kiutawala. Matokeo yalikuwa ya kutia moyo sana: mbwa alipiga chafya kwenye shati la Katibu, na mchana ule ule akarudi nyuma ya mlango, lakini safari hii akasubiri kwanza sisi wote tutoke. Komite ikaandika katika raporo, yaani ripoti yake, kwamba mlengwa ameonyesha ongezeko la usiri.

(Mama Falone: "Alikuwa anaogopa, Shefu. Mutoto ukimupiga sababu ya mukojo, hajifunze kuacha. Anajifunza kujificha." Wamama kadhaa wanasema njo vile, ndivyo hasa.)

Naomba mchango huu uandikwe kama pongezi. Katika faze ya pili, iliyoitwa Uwekaji wa Vizuizi vya Asili, Komite ilinyunyiza pilipili ya unga nyuma ya mlango, kilo nusu, pilipili ya Kalima ile yenye nidhamu, na nakiri mbele yenu kwa uwazi wa uongozi wangu kwamba Komite ilisahau kumwarifu Mzee, ambaye aliingia kuswali alasiri na akatoka nje akikohoa, na machozi yake, ambayo Katibu aliyachukulia kuwa ya furaha, yakahesabiwa kama kiashiria cha mafanikio. Mbwa yeye alipita upande ambao pilipili haikufika.

(Mzee Bulaimu anatazama ardhi. Mabega yake yanatikisika kidogo. Haijulikani kama ni kikohozi kilichobaki au kicheko.)

Katika faze ya tatu tuliingia kwenye sayansi yenyewe. Nilifikiri, peke yangu, bila msaada wa mtu, nikiwa nimeketi, kwamba kisichoingia hakiwezi kutoka, na kwamba mbwa asipokunywa maji siku mbili hatakuwa na cha kukojoa, mantiki ambayo wasomi wengi wa ng'ambo hawajaifikia. Tuliita hatua hii Usimamizi wa Pembejeo. Bakuli la mbwa likachukuliwa na kuhifadhiwa kwa Katibu. Lakini ilipofika jioni ya siku ya kwanza, Mama Falone huyu mnayemwona alikwenda kwa Katibu, akachukua bakuli lake bila kusaini popote, akalijaza, akaliweka mbele ya mbwa, na akanigeukia na kuniambia maneno ambayo, kwa kuwa mimi ni mtu wa uwazi, nitayarudia kama yalivyo: "Shefu, mugonjwa hanyimwi maji. Ukitaka kumunyima mutu, anza na miye."

(Mtu mmoja nyuma anasema, kwa sauti ya chini, kwamba huyo njo mama.)

Nikaona ni busara kuifunga faze ya tatu kabla ya muda wake kutokana na mafanikio.

Sasa, wakati Komite ikitekeleza hayo, kulikuwa na shughuli nyingine ndogo ndogo zisizo rasmi zilizokuwa zikiendelea katika parsele hii, kiwanja hiki cha Mzee, ambazo MPAHAMBWA unazitambua leo na kuzichukua zote kuwa zake. Kila mara Mama Falone alipomtoa mtoto kumkojolesha, alimtoa na mbwa, mmoja mgongoni na mwingine nyuma, asubuhi kabla ya kuwasha moto, kila baada ya kula, na kabla ya kufunga mlango, akasimama naye nyuma ya jiko hadi amalize, akamwambia vizuri, Bijou, vizuri bibi yangu, akampa kipande cha muhogo. Pale palipokojolewa alipaosha kwa majivu na maji ya ndimu hadi harufu iishe kabisa, maana anasema mbwa hurudi kwenye harufu yake. Akahamisha gunia la kulalia karibu na mlango wa uani, kwa sababu mbwa ana nyonga zilizokauka na ngazi moja tu inamchukua muda wa kusema jina langu na vyeo vyangu. Matokeo, ndugu wananchi, ni haya: mbwa alikuwa akijikojolea pia mahali pengine, chini ya meza, kwenye ukumbi, na mara moja kwenye viatu vya Katibu, na mahali hapo pote pamekauka. Pamebaki mahali pamoja tu, nyuma ya mlango. Komite inajivunia kazi hiyo ambayo haikuifanya.

(Makofi, kwa Mama Falone. Shefu anayapokea.)

Nakuja kwenye takwimu, kwani hotuba bila takwimu ni mazungumzo. Takwimu zetu zilikusanywa kwa njia ya kisasa ya kaa la moto na ukuta wa jiko, ambapo kila tukio lilichorwa mstari mmoja, na Komite ilipofika kuzikagua ilikuta mistari thelathini na moja, ambayo Katibu aliihesabu mara tatu na kupata majibu matatu, tukachagua lililo katikati. Pembeni ya mistari ishirini na sita kuna alama za duara, ambazo wataalamu wetu wamezichunguza na kubaini kuwa ni mapambo.

(Mama Falone: "Hapana, aiko mapambo, Shefu. Nitakuambia ile duara iko nini." Shefu anasema wakati wa sanaa utafika.)

Tumefika faze ya nne na ya mwisho, Uondoshaji wa Mlengwa, nayo ndiyo iliyotukutanisha. Hesabu yake ni rahisi hata kwa wale waliokaa nyuma: katika avenyu yetu kuna mbwa mzee mmoja mwenye kukojoa ndani; mbwa huyo akiondoka, watabaki sifuri; na kutoka moja hadi sifuri ni upungufu wa asilimia mia moja, kiwango ambacho hakuna mpango wowote duniani umewahi kukizidi, kwani baada ya mia hakuna kitu. Bwana Mike amekubali kwa moyo wa kizalendo kumchukua Bijou kwenye pikipiki yake, ndani ya kikapu, hadi huko kwenye barabara ya Kalima, mahali ambapo nyumba zinaisha, na kumwachia uhuru wake katika mazingira ya asili, yenye hewa safi na fursa nyingi.

(Manung'uniko. Mtu anauliza fursa gani. Mama Falone anasogea mbele. Hapandishi sauti, anaongea kama anavyoongea mtu mwenye mtoto aliyelala mgongoni. Anasema Bijou haoni vizuri jicho la kushoto, meno yamebaki ya nyuma tu, hajawahi kujitafutia chakula tangu azaliwe. "Museme tu munakwenda kumuua," anasema. "Mutumie ile neno. Siku mbili tatu anakufa kule, na anakufa akingoja mutu amuite.")

Mama, hisia zako zimepokelewa na zitaambatanishwa kwenye raporo kama kiambatisho. Lakini Mzee ndiye mwenye nyumba, na Mzee amesema. Mzee, bado unasema?

(Mzee Bulaimu anasema nyumba ya kuswalia haiwezi kuwa choo, na kwamba yeye pia haikumfurahisha kulisema. Hamtazami mjukuu wake, wala mbwa.)

Mmesikia. Uongozi ni kuamua pale ambapo mwingine ameshaamua. Kwa mamlaka niliyojipa na mliyonyamazia, naagiza faze ya nne ianze. Bwana Mike, washa chombo.

(Mike anapiga kiki. Pikipiki yake haina tena lile bomba la kupunguza kelele. Inanguruma, inapasuka mara mbili kama risasi, watoto wanaziba masikio. Bijou, aliyekuwa amelala miguuni pa Mama Falone, anainua kichwa.)

Tazameni, mlengwa ameamka mwenyewe, anaelewa umuhimu wa shughuli, anasimama kwa hiari, na kama mnavyoona anaelekea, anaelekea, hapana, huko siko, Bwana Katibu, mzuie mlengwa, anaingia ndani, mlango uko wazi, Katibu, nani aliacha mlango wazi.

(Mbwa anapanda ile ngazi moja kwa taabu, mguu wa nyuma ukiteleza, anainuka tena. Hakimbii kama mnyama anayetoroka. Anakwenda nyuma ya mlango, anachuchumaa juu ya msala, na wote waliosogea dirishani wanamwona anavyofanya: kimya, masikio yamelala, bila kutoa hata pumzi ya kusikika. Kisha anatoka. Anampita Shefu, anampita Mama Falone mwenyewe, anakwenda kukaa mbele ya Mzee Bulaimu, na anautazama mkono wa Mzee.)

Ndugu wananchi, mmeshuhudia kwa macho yenu tukio la thelathini na mbili, ambalo linathibitisha bila shaka yoyote kwamba Komite ilikuwa sahihi, kwamba mbwa huyu ni sugu, ni mkaidi, hana aibu hata mbele ya wageni rasmi, na ambalo

(Mama Falone: "Ile duara njo pikipiki, Shefu. Kila mara nilisikia pikipiki ya Mike inawaka, nilichora duara. Siku Mike alihamia hapa na hii kelele yake, njo siku Bijou alianza. Ile mara tano bila duara ni uzee tu, usiku nilichelewa kumutoa. Lakini ile ingine yote ni hii kelele. Sijui sababu gani. Njo nilikuwa naomba siku chache nijue.")

Pikipiki haiwezi kukojolesha mbwa, mama, hilo halipo katika kitabu chochote, na mimi nimesoma

(Mzee Bulaimu anainua mkono. Shefu ananyamaza katikati ya neno, jambo ambalo halijawahi kuonekana Avenyu Kisima. Mzee anamwambia Mike azime. Mike anazima. Mzee anautazama mkono wake ambao mbwa anautazama, kisha anasema, polepole: "Miye njo nilimufundisha.")

Samahani, Mzee, Komite haikusikia vizuri, nani alimfundisha nani?

(Mzee anasimulia, na kwa kuwa hajui kuhutubia, anasimulia kwa maneno machache. Mwaka ule wa vita, mji ulipozungukwa, magari ya askari yalikuwa yanapita na injini zao, na mbwa aliyebweka uani alipigwa risasi, na nyumba yake ikaingiwa. Bijou alikuwa na mwaka mmoja. Mjukuu wake, huyu aliye mama leo, alikuwa binti mdogo, walikuwa wamebaki wawili tu. Mzee akamwingiza mbwa ndani, jambo ambalo baba yake asingemruhusu, akamwaga majivu nyuma ya mlango, na kila injini iliposikika alimpeleka pale, akamshika mdomo kwa upole, akamwonyesha: kaa hapa, kojoa hapa, nyamaza hapa. Akifanya vizuri alimpa kipande cha muhogo mkavu kwa mkono wake. Siku kumi na saba hawakufungua mlango. Injini zilipita nje ya ukuta huu huu, na mbwa hakubweka hata mara moja. "Nilisahau," anasema. "Ye hakusahau. Hasikie tena vizuri, lakini ile kelele inafika ndani yake. Anasikia gari, anaenda pahali nilimuambia. Halafu anakuja kungoja muhogo, na sisi tunamupiga.")

(Mama Bernadette ameyasahau mafuta yake. Mama Falone anasema tu, "Babu, nilikuwa nakumbuka majivu. Sikukumbuka sababu ya majivu." Mzee anamwomba kipande cha muhogo. Anaupokea, anauweka kwenye kiganja, na anamshushia mbwa. Anauliza kama kuna mtu mwenye ngazi na bati, paa litengenezwe leo, maana msala unarudi upande wake wa zamani. Nyuma ya mlango paachwe pawe na majivu, kwa ajili ya mbwa. Na mbwa haendi popote.)

Naam. Naam, ndugu wananchi. Kama nilivyokuwa nikisema tangu mwanzo.

(Kicheko kirefu. Shefu anasubiri kiishe. Hakiishi. Anaendelea juu yake.)

Kama nilivyosema tangu mwanzo, na Katibu ataandika kwamba nilisema, MPAHAMBWA ulilenga hasa kufikia hatua hii, ambapo msala unahamishwa badala ya mbwa, hatua ambayo kitaalamu tunaiita Uondoshaji wa Mlengwa kwa Kuondosha Kisicho Mlengwa, na ambayo niliiweka kwa siri katika faze ya nne ili isije ikaibiwa na avenyu za jirani. Naagiza, kwa hiyo, mambo ambayo yameshaagizwa: paa litengenezwe na wale ambao tayari wanapanda, majivu yamwagwe na Mama Falone ambaye tayari anayaleta, na Bwana Mike, kuanzia sasa, pikipiki hii itasukumwa kwa mkono hadi barabarani ndiyo iwashwe, na ipelekwe kwa fundi iwekewe bomba jipya.

("Ndiyo, Shefu," anasema Mike. Anaanza kusukuma. Anamwomba Bijou samahani anapopita, na hakuna anayemcheka kwa hilo.)

Inanibidi sasa kuhitimisha kwa kaulimbiu, kwa sababu ziliandikwa mapema na Katibu alizikariri. Nikisema Mbwa Mzee, mtajibu Mji Safi. Mbwa Mzee.

("Abaki kwake," wanajibu watu.)

Sio hiyo. Tunarudia. MPAHAMBWA.

("Majivu na ndimu," wanajibu. Mtoto ameamka mgongoni na anapiga makofi.)

Inatosha, roho ya kaulimbiu imeeleweka. Imebaki shukrani, na katika shukrani kiongozi lazima awe mkweli, tena nimesimama juu ya kinu hiki muda mrefu na miguu imekufa ganzi. Nawashukuru wafadhili wa MPAHAMBWA, ambao barua ya kuwaomba sijaipeleka, kwa kuwa sijawajua bado ni akina nani. Nawashukuru wataalamu wetu, ambao ni mimi, na Katibu siku alizokuwa na nafasi. Namshukuru fundi aliyechaguliwa kujenga Kituo cha Kisasa cha Haja za Mbwa Wazee nyuma ya jiko hili, kituo nilichokitaja katika raporo tatu kuwa kimefikia asilimia themanini, na ambacho, mkipita pale nyuma, mtaona ni mche wa papai. Nalishukuru bakuli, ni la Mama Falone. Majivu, ni ya Mama Falone. Ndimu, ni za Mama Bernadette. Mkaa wa takwimu, ukuta wa takwimu na takwimu zenyewe, vyote ni vya Mama Falone. Kilo nusu ya pilipili peke yake ndiyo ilikuwa ya Komite, na kwa hiyo naomba radhi kwako, Mzee, na kwako pia, Bijou, kwa ile siku ya pua.

Mpango wenyewe, ndugu zangu, haupo. Haujawahi kuwepo. Kulikuwa na mhuri wa ofisi, mpya, wenye wino mzuri, nikauonea huruma kukaa bila kazi. Nawashukuru kwa kunisikiliza.

(Mama Falone anasogeza kile kiti cha Mwakilishi wa Wakubwa, ambacho hakuna aliyekikalia tangu asubuhi, anakifuta vumbi kwa kitenge na kukiweka nyuma ya Shefu. "Shuka, Shefu, kaa," anamwambia. "Chai iko. Lakini unywe haraka, ni saa ya kumutoa Bijou, na leo utamutoa weye.")